Springi za Nyuma

Jumamosi, saa mbili asubuhi, fundi Bado Kidogo alikuwa amepiga kiki mara thelathini na moja na pikipiki haijakohoa hata mara moja. Alivua koti, akalitundika kwenye msumari, akaomba maji ya kunywa.

"Vipi?" aliuliza mwenye nyumba. Alikuwa mshona nguo, na asubuhi hiyo alikuwa ameitoa cherehani barazani ili aione kazi inavyokwenda.

"Bado kidogo."

Hilo lilikuwa jibu lake kwa kila jambo, na ndilo lililompa jina. Lakini alikuwa fundi wa kufuata utaratibu. Alimwaga petroli ya zamani, akatia mpya. Akafungua plagi, akaifuta, akaigusisha kwenye chuma cha injini na kupiga kiki: cheche ikaruka, ya buluu, nzuri. Akafungua kabureta na kupuliza vitundu vyake kimoja kimoja. Mwisho akaziba tundu la plagi kwa kidole gumba, akapiga kiki tena, na upepo ukakisukuma kidole nje.

"Mafuta yapo, moto upo, pumzi ipo," alisema. "Mtu mwenye vitu hivyo vitatu anaamka na kwenda kazini."

"Basi iamshe. Sikukuita uihubirie."

Pikipiki ilikuwa ya marehemu mumewe, kongwe kuliko mabinti zao wote wawili. Ilikuwa wiki ya tano haiwaki, tangu siku ambayo kaka wa mama huyo, Mjomba wa mabinti, alimpakia kifungua mimba kumpeleka hospitali kujifungua. Zahanati ya jirani ilikuwa na gari la wagonjwa, lakini siku hiyo lilikuwa limebeba saruji ya kujengea msingi wa nyumba ya mganga mkuu. Mjomba alifika kwenye kituo cha mafuta kilichofungwa, kilomita ya nane kati ya kumi na tatu, akahisi kichwa cha mpwa wake kimekuwa kizito mgongoni. Alisimama, akamgusa shingo, akageuza. Alimrudisha nyumbani amekufa, mtoto akiwa bado tumboni, akazima injini. Haikuwaka tena.

Sasa kitinda mimba naye alikuwa ndani ya mwezi wa tisa, na chombo cha kumfikisha hospitali kilikuwa hicho hicho kimoja. Mama hakuwa na muda wa mahubiri.

Bado Kidogo alirudi nyuma hatua tatu, akaitazama pikipiki kwa ubavu, kama mtu anayetazama ukuta uliopinda. Kisha akachuchumaa na kupima springi za nyuma kwa vidole.

"Mama, hizi zimelala. Pikipiki isiyo na mtu, springi husimama."

"Zimechakaa."

"Zilizochakaa zinanesa. Hizi zimebebeshwa. Kuna mtu amekaa." Akapitisha mkono juu ya kiti, asiguse. "Amekaa upande, miguu yote kushoto, kama akaavyo mjamzito."

Mama aliacha cherehani, akaja kuangalia. Kiti kilikuwa kimebonyea upande mmoja. Alikijua kibonyeo hicho, kwa kuwa alikuwa amekikatia nguo tangu kikiwa cha mtoto wa miaka mitatu.

"Mwambie ashuke," alisema.

"Mwambie wewe. Mwanao huyo."

Mama akamwambia. Springi hazikusogea.

"Mbishi tangu tumboni," mama alisema. "Siku kumi na mbili alizidisha."

Bado Kidogo alipangusa mikono kwa kitambaa na kueleza tatizo, kwa sauti ile ile ambayo angeelezea cheni iliyolegea. Pikipiki ilikuwa haijamaliza safari. Iligeuzwa njiani na abiria hajafikishwa, na chombo kikongwe kama hicho hakianzi safari ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza. Ili kuthibitisha aliisukuma kuelekea barazani, ikagoma kama gogo. Aligeuza usukani upande wa hospitali, ikatiririka yenyewe hadi getini.

Waliondoka siku iliyofuata alfajiri. Mjomba alishika usukani, mama alisukuma nyuma, Bado Kidogo alitembea pembeni na spana mfukoni. Mama alikuwa ameufunga kwenye keria mfuko ule ule wa siku ile: vigauni sita alivyoshona mwenyewe, pamba, wembe, na glavu pea mbili, kwa kuwa hospitali haikuwa na glavu zake.

Kwenye kituo cha mafuta kilichofungwa Mjomba alisimama, mabega yakaanza kutikisika.

"Dada, hapa ndipo nilipogeuza."

"Najua."

"Ningeendelea tu. Ningeendelea, dada."

"Lia ukisukuma," mama alisema.

Akalia akisukuma. Kilomita ya kumi walisikia king'ora nyuma yao, wakasogea pembeni. Gari la wagonjwa likapita, mabati yamechomoza mlango wa nyuma yakipigana. Dereva aliwapungia mkono, walifahamiana.

Walifika saa nne. Karani wa mapokezi alifungua daftari bila kuinua kichwa.

"Umri?"

"Ishirini na saba."

"Mimba ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Hali yake?"

"Amekufa," mama alisema.

"Tangu lini?"

"Hii wiki ya tano."

"Hao wanakaa benchi la tatu. Glavu mmekuja nazo?"

Mama alizitoa. Karani akazihesabu, akamrudishia. "Mfuko rudini nao, mtauleta zamu yake ikifika. Hapa kuna wezi." Akaandika kadi: mia mbili na kumi na mbili.

"Sasa wako namba ngapi?"

"Sitini na nane."

Benchi la tatu lilikuwa tupu kwa macho, lakini ubao wake ulikuwa umepinda katikati, na sakafu iliyo mbele yake ilikuwa imelika kwa nyayo. Mfagizi alipitisha dekio akizunguka miguu. Ubao ulilia kidogo, kama watu wakisogeana. Nje, springi za pikipiki zilipanda zikasimama wima. Bado Kidogo alipiga kiki moja, ikawaka.

Mama hakuishia hapo. Jumatatu alimfuata mganga mkuu kwenye nyumba yake, ambako mafundi walikuwa juu ya paa, akamwuliza gari la wagonjwa lilikuwa wapi siku ile. Mganga mkuu alimpa pole, akamwagiza alete malalamiko kwa maandishi. Aliyaleta. Yakagongwa mhuri wa kupokelewa, na baada ya wiki mbili akajibiwa kwa barua fupi kwamba suala lake linafanyiwa kazi.

Siku mbili baada ya barua hiyo, saa tatu asubuhi, kitinda mimba alishika ukingo wa meza na kusema, "Mama, imeanza." Mama alipiga simu zahanati. Gari la wagonjwa lilikuwa limetoka kikazi. Mjomba alipiga kiki moja. Walipanda watatu, binti katikati, mfuko kwenye keria, na kwenye kituo cha mafuta kilichofungwa Mjomba aliongeza mwendo.

"Chumba cha kujifungulia kina vitanda viwili na wazazi watano," karani alisema. "Benchi la kwanza limejaa, la pili limejaa. Akae la tatu."

"Huyu yu hai," mama alisema.

"Nimesema akae, mama, sijasema afe."

Benchi lililia, nafasi ikapatikana. Kitinda mimba alikaa, akaegemea kitu ambacho hakikuwa ukuta, maana ukuta ulikuwa mbali. "Dada kanishika," alisema. Mama alinawa mikono kwenye ndoo ya mfagizi, akavaa pea moja ya glavu. Muuguzi alipofika, mtoto alikuwa ameshalia, wa kike, kilo tatu na ushei. Karani aliandika daftarini: amejifungua salama, chumba cha uzazi.

Walikaa mpaka alasiri, mzazi akapata nguvu. Mama alimvika mjukuu kigauni kimoja, viwili akavirudisha mfukoni. Kisha akaenda mapokezi.

"Sasa wako namba ngapi?"

"Sitini na tisa."

Mama alirudi benchi la tatu. Akatoa glavu pea iliyobaki, pamba nusu, na vigauni vitatu, akavikunja na kuvisukuma kwenye ubao, pale palipobonyea kwa namna aliyoijua.

"Vitaibiwa hivyo," karani alisema.

"Amevikalia."

Walirudi polepole, kitinda mimba amekaa upande, mtoto kifuani, springi zimelala kwa uzito wa watu walioonekana. Kabla ya kituo cha mafuta walisikia king'ora nyuma yao. Mjomba akasogea pembeni, kama sheria inavyotaka, gari la wagonjwa likapita na makochi mapya, bado yako kwenye nailoni.