Kitanda cha Dispensari

Lori lilipofika kuchukua kitanda cha dispensari, Omollo alikuwa amekikalia, gambuti zake zimejaa matope, wala hakuwa na nia ya kushuka.

"Mzee wangu," Kemuma, ofisa wa maslahi wa kampuni ya chai, akamwambia kwa sauti laini, "serikali imeleta bima ya watu wote. Dispensari ya shambani haina kazi tena."

"Ayoo pia alikuwa na bima. Ikamfikisha wapi?"

Kampuni ilimwondoa nesi kabla ya masika. Masika yalipoanza, Ayoo, mke wa Omollo, akafia njiani kwenda hospitali ya Kericho, gari limekwama kwenye tope. Na sasa binti yao Molly, mchuna chai, alikuwa na mimba iliyotimiza miezi. Molly mwenyewe alizaliwa juu ya kitanda hicho hicho.

"Unajua nini kilileta hii dispensari?" Omollo akauliza. "Vita ya Hitler. Askari walitaka chai, na mchunaji akishikwa na malaria, majani yanaozea shambani. Ndiyo wazungu wakaleta daktari. Babangu alibeba risasi Burma pamoja na vijana wao. Vita ilipoisha, wale walirudi kwao wakapewa matibabu ya bure, kila mtu. Baba akapewa chumba hiki kimoja. Na sasa hata hiki!"

"Mambo yamebadilika, mzee."

"Yamebadilika kweli. Mmeleta mashine ya kuchuna. Mashine haishikwi na malaria, haizai. Wakubwa hawatibu mtu, bwana. Wanatibu mkono. Mkono usipohitajika, mwenye mkono atajua mwenyewe."

Gibson, jirani yake, alikuwa mmoja wa vibarua wanne waliokuja na lori. "Shuka basi, Baba Molly. Lori likirudi tupu, sisi tutalala njaa."

"Hata wewe, Gibson? Mkeo atazalia wapi?"

"Wangu alishafunga duka!"

Wenzake wakaangua kicheko, lakini kikakatika upesi.

Omollo akajilaza chali, akafumba macho. Wale wanne wakatazamana. Kisha kila mmoja akashika pembe yake ya kitanda, wakamwinua polepole kama mgonjwa, wakampitisha mlangoni, wakamtua mvuani.

Kemuma akafunga mlango, akatia kufuli mpya.

"Sasa, mzee," akasema, "tukusaidie kushuka?"