Baba wa Dirishani

Mwanangu wa kwanza aliuawa na kifua kikuu. Baba yake alipopimwa ndipo tulipojua kilikotoka. Nesi alisema akishatumia dawa wiki chache hataambukiza tena, anaweza kulala ndani. Mimi nikasema halali ndani. Mdogo wa marehemu alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa, na maneno ya nesi yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Basi mume wangu, fundi viatu, akahamia stoo ya uani na ngozi zake na gundi zake. Chakula nilimwekea mlangoni. Kila jioni alikuja kusimama nje ya dirisha la chumba, akagonga kioo kwa kucha, na mtoto, tuliyemwita Kibogoyo kwa kukosa meno, akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Mimi nilikuwa nakunja nguo. Sikucheka wala sikulia. Tangu mazishi nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi.

"Mama Kibogoyo," aliniambia mara moja kupitia kioo, "hata mwizi kuna siku anafunguliwa."

"Mwizi hakohoi," nikamjibu.

Dozi ilipoisha tulikwenda zahanati kupima makohozi ya mwisho. Darubini ilikuwa mbovu, na mpimaji mgeni, kwa nia njema, akayatia kwenye mashine ya vinasaba. Majibu yakatoka: vijidudu vya kifua kikuu vipo. Fundi akaitazama ile karatasi, kisha akanitazama mimi.

"Basi narudi stoo," akasema.

Nikasema ndiyo. Sikuhisi kitu, na hilo ndilo lililonitisha.

Kesho yake mkuu wa maabara akatuita. Alikuwa amekasirika, ila si na sisi.

"Ile mashine haimpimi mtu aliyemaliza dawa," alisema. "Inachukua chembe ya vinasaba vya kijidudu, inaizidisha, inaizidisha tena, mpaka ionekane. Hata mabaki inayaona."

"Kwa hiyo hao vijidudu wamekufa?" nikamuuliza.

"Mashine haijui nani hai nani amekufa, mama. Sasa tutaotesha makohozi. Wakiwa hai, wataota. Ila ni wiki kadhaa, mvumilie."

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Mpaka siku ile nilikuwa bado natoa kabatini sahani tatu, ya fundi, yangu na ya marehemu mwanangu, kisha moja nairudisha.

Tukangoja. Fundi akagonga kioo, Kibogoyo akacheka. Siku mtoto alipopiga hatua zake za kwanza, baba yake alizionea nje, akapiga makofi peke yake uani. Majirani wakadhani amechanganyikiwa. Mimi nikaendelea kukunja nguo.

Hakuna kilichoota. Mkuu wa maabara alitusomea majibu mara mbili.

Fundi akaoga, akaingia ndani na godoro lake kichwani, akakaa ukingoni mwa kitanda kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

"Kibogoyo, njoo kwa baba."

Mtoto akamwangalia kidogo, akamwacha. Akashika ukuta, akaenda taratibu mpaka dirishani, akagonga kioo kwa kucha. Akangoja. Nje hapakuwa na mtu. Akagonga tena, akageuka kunitazama, mdomo umeanza kutetemeka.

"Anamtafuta baba yake," fundi akasema.

Hakulalamika. Afadhali angelalamika, ningepata la kumjibu. Akainuka, akatoka, akazunguka nyumba, na nikamwona amesimama palepale pake pa siku zote. Akagonga. Kibogoyo akacheka mpaka kwikwi.

Nikaziacha nguo. Komeo la dirisha lilikuwa limeshika kutu, nikalipiga kwa kiatu mpaka likaachia, nikafungua. Kibogoyo akapenyeza mkono katikati ya nondo, akamshika baba yake pua, akashtuka, akaishika tena.

Hapo ndipo nilipolia.