Kivuli Kilichoelekea Jua

Mama Pasipoti, jina alilopewa mtaani kwa picha ndogondogo za vitambulisho, alichoka kupiga nyuso zisizocheka. Akaanza kupiga mandhari. Alipompelekea binamu yake, mchapaji wa kalenda, picha ya kwanza ya bonde lililo nyuma ya kiwanda kilichofungwa, binamu akaguna.

"Dada, picha imelala. Umepiga jua la utosini, vivuli vimekufa. Nenda asubuhi, mwanga uje kutoka ubavuni. Na mbele weka kitu, hata jiwe, jicho lipate pa kuanzia."

Akaenda mapema. Jua lilikuwa kushoto kwake, nyasi zimepata rangi ya asali, kivuli cha kila kichaka kimelala kuelekea kulia. Alirudi kifua mbele.

Binamu aliitazama picha kwenye kompyuta, akapiga makofi. "Hapo sawa! Na huyu uliyemsimamisha nje ya picha, kivuli chake kinaongoza jicho vizuri kabisa."

"Nani? Nilikuwa peke yangu."

Katikati ya nyasi palikuwa na kivuli kirefu cha mtu. Mwenyewe hayupo. Vivuli vyote vilikimbia jua, hicho kililielekea.

Kesho yake hakuthubutu kwenda peke yake. Alimchukua mumewe, fundi makochi, akamsimamisha mbele ya kamera, ampe mgongo.

"Yaani leo mimi ndiye jiwe?" mume akauliza.

"Jiwe halisemi. Tulia."

Akapiga. Akatazama kioo cha kamera: kivuli kipo, mbali nyuma ya mumewe. Akainua macho: nyasi tupu. Akapiga tena. Kimesogea. Alijua imempasa kuondoka, lakini akapiga tena, kwa sababu, Mungu amsamehe, picha ilikuwa inazidi kupendeza. Safari hii kivuli cha mkono kilikuwa kimelala juu ya bega la mumewe, upande uleule uliopigwa na jua.

"Baba watoto, njoo! Njoo huku!"

Mume akageuka akicheka. Alipoona uso wa mkewe, kicheko kikakatika. Akaja, akatazama kioo. Kisha akajishika bega la kushoto.

"Nilidhani ni upepo," alisema polepole.

Hapakuwa na upepo. Walikusanya vifaa, wakaondoka bila kukimbia, kila mmoja akiogopa kumtisha mwenzake.

Binamu aliiomba sana ile picha ya kwanza yenye kivuli kwa ajili ya kalenda. Mama Pasipoti alizifuta zote mbele yake. Siku hizi anapiga mito na milima ya kwingine, na mwanga anaujua barabara. Lakini bega lile la mumewe halijapata joto tena. Hata fundi akishinda juani akigongomea viti, shati likalowa jasho, pale pana baridi kama sakafu ya saruji, na kila jioni mkewe huweka kiganja chake hapo, akangoja.