Bomba Lililopigwa Moto

Alfani aliliviringisha bomba juu ya kioo mara ya tatu, na kwa mara ya tatu lilikwenda sawasawa, halikuruka wala kuyumba. Hilo ndilo lililomtia hasira. Lingeyumba, angelitupa miguuni pa patron, mzungu mwenye gereji, na maneno yangeishia hapo. Lakini mchomeleaji wa bandarini alikuwa amelinyoosha kwa ustadi, akalisugua, akalipaka rangi ya fedha hadi likang'aa. Alfani alilowesha kitambaa kwa petroli, akafuta rangi kidogo karibu na pale linapobanwa. Chini yake chuma kilikuwa cha buluu kama shingo ya mjusi.

"Wamelichoma," alisema, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Ilikuwa Ijumaa mchana, mwezi wa saba wa mwaka 1958. Mashindano ya pikipiki yalikuwa Jumapili. Wazungu waliuita mji Stanleyville, sisi tuliuita Kisangani, na katika mji huo hapakuwa na fundi aliyeijua fourche kama Alfani. Fourche ni ile miguu miwili ya mbele inayoshika gurudumu: kila mguu una bomba la chuma, resori, yaani springi, ndani yake, na mafuta ya kuituliza resori isirukeruke. Alikuwa ametoka Maniema akiwa kijana, na sasa alitimiza mwaka wa kumi na mbili katika gereji ya Monsieur Dekoninck.

Gereji iliandaa pikipiki mbili kwa mbio zile, mapacha kabisa. Moja ilikuwa ya Urbain, mtoto wa patron. Ya pili ilikuwa ya Faustin, mdogo wa Nyota, mke wa Alfani. Kazi ya Faustin pale gerejini ilikuwa kujaribu pikipiki zilizotengenezwa, na hakuna aliyempita kwa mbio kwenye barabara ya Bengamisa. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, klabu ya wazungu iliyoandaa mbio ilikubali mtu mweusi aanze mstari mmoja na wazungu. Tangu habari hiyo itoke, Mangobo nzima, mtaa wetu, haikuwa na mazungumzo mengine. Mama wauza pondu, majani ya muhogo, walimshonea Faustin shati jekundu.

Alhamisi Urbain alikwenda kufanya mazoezi, akakwepa mbuzi, akagonga kisiki. Yeye alichubuka kiwiko tu. Bomba la mguu wa kulia la pikipiki yake lilipinda. Sasa lilikuwa hapa juu ya kioo, na patron alikuwa amekwisha kutoa amri: fourche nzima ya Faustin ihamie kwa Urbain, na hii ya kunyooshwa apewe Faustin.

Alfani alimfuata ofisini na bomba mkononi.

"Patron, hii bomba imeungua. Chuma ikishaungua hivi, iko laini. Itavunjika."

"Itavunjika wapi? Umeiweka kwa kioo?"

"Nimeiweka."

"Alors? Iko droit ao imepinda?"

"Iko droit leo. Lakini Jumapili, kwa mutelemuko ya mto Tshopo, akishika breki uzito yote inakuja mbele. Itakatika hapa, chini ya mahali inabanwa."

"Faustin iko mwepesi. Urbain iko na kilo makumi tisa. Donc." Patron alirudi kwenye karatasi zake.

"Basi tungoje bomba mupya."

"Bateau ya kuileta kwa mto itafika kisha siku kumi." Sasa alisimama, uso umemwiva. "Alfani, mimi nimeomba klabu miezi mitatu kwa ajili ya mutu wenu. Miezi mitatu! Wenzangu wananicheka. Na wewe unakuja kunifundisha kazi? Weka ile fourche."

Ubaya ni kwamba alisema kweli. Aliomba kweli miezi mitatu, na alijiona mwema. Alfani alitoka akiwa amelikaba bomba lile kama shingo ya mtu.

Jioni alimkuta Faustin nyumbani kwake Mangobo, ameketi uani, na Nyota anampimia shati. Alimweleza yote bila kuzunguka, kisha akasema, "Usipande."

Faustin alicheka kwanza. Alipoona shemeji yake hacheki, aliinuka.

"Shemeji, kama ningekuwa Urbain, ungeniambia niache?"

"Ungekuwa Urbain, ungepewa bomba nzima!"

"Nitakwenda polepole kwa mutelemuko."

"Weye? Haujaenda polepole hata siku moja tangu mama yako akuzae."

"Basi nivunjike!" Faustin alipiga ukuta kwa kiganja. "Nikikataa, watasema nini? Watasema, unaona, tumewapa nafasi, wameogopa. Na mwaka kesho hawataita mutu tena. Shemeji, bote batakuja. Batu ba Lubunga batavuka mto asubuhi. Unataka niwaambie nini? Bomba iko ya buluu?"

Nyota alikuwa bado ameshika sindano. "Papa Fatouma," alimwambia mumewe, kwani binti yao aliitwa Fatouma, "muache. Yeye ni mutu mukubwa. Ukimuzuia, mimi nitakwenda sokoni na uso gani?"

Alfani hakula chakula siku ile.

Jumamosi aliifunga fourche, na patron alisimama mlangoni na kiko chake akitazama. Labda mwingine angelegeza skrubu au kusahau mafuta ili pikipiki ikatae mapema. Mikono ya Alfani haikujua kufanya kazi vibaya, hata akiwa na hasira. Aliyapandisha mabomba mawili katika vibanio, akapima kwa rula mpaka yakalingana juu. Alimimina mafuta kwa kikombe kidogo cha dawa, kiasi kilekile kila mguu. Akatia gurudumu, akaacha ekseli bila kukaza, akaikandamiza fourche chini na juu mara ishirini ili miguu itafute yenyewe njia yake. Ndipo alipokaza, akianzia chini kupanda juu. 

Faustin alikuja, akaketi juu ya pikipiki. Alfani alipaka grisi kuzunguka bomba, alama nyembamba kama pete, akamwambia ajirushe. Grisi ilisukumwa juu vidole vitatu, haba mno hata kwa mpanda pikipiki mwepesi kama yeye. Alfani alifungua vifuniko, akapunguza duara moja la chuma juu ya kila resori. Faustin akajirusha tena. Vidole vinne. Fourche ilishuka taratibu, ikapanda taratibu, haikupiga.

"Unaona?" alisema Faustin, na uso wake ulikuwa wa mtoto siku ya sikukuu. "Iko kama mupya."

Alfani alifuta mikono yake, akaondoka.

Jumapili, jua likianza kutoka, alifungua gereji. Ufunguo ulikuwa wake siku za mashindano. Pikipiki mbili zilisimama bega kwa bega, na jambo la kwanza alilofanya ni kuiendea ya Urbain. Alilegeza skrubu mbili. Saa moja tu ingetosha kurudisha kila bomba kwa mwenyewe, na rangi ya fedha ingewadanganya wote. Urbain angeteremka Tshopo na mzigo wa baba yake. Ingekuwa haki.

Alisimama na spana mkononi. Hakuwahi kumchukia mtu kama alivyomchukia Urbain asubuhi ile. Kisha alizikaza tena skrubu zile, kwa nguvu, huku akitukana kwa lugha ya mama yake, kwa sababu aliona waziwazi angekuwa anaua mtu kwa mikono yake, na mikono ile alikuwa hana mingine.

Alichukua msumeno wa chuma, akapiga goti mbele ya pikipiki ya Faustin.

Msumeno ulizama upesi mno. Bomba zima lingeukatalia, lingepiga kelele na kula meno. Hili lilikubali. Alikata chini ya kibanio, mahali palepale penye buluu, na hakuacha hata aliposikia mlango.

Faustin aliingia amevaa shati jekundu. Alitazama vumbi la chuma sakafuni, akatazama bomba likiwa na pengo.  Alimpiga Alfani ngumi ya mdomo, akampiga tena akiwa chini, na pengine angeendelea kama patron hangefika na kupiga kelele ya kuita polisi. Alfani hakuinua mkono. Nje, watu walikuwa wamekwisha kujaa kando ya barabara.

Mbio zilikwenda bila Faustin. Urbain alimaliza wa tatu. Alfani alikaa gerezani siku kumi na nne kwa kuharibu mali ya bwana wake, na kazi yake ikaishia hapo.

Alipotoka, alikuta mlango wake umepakwa matope. Mangobo walikwisha kuamua: wazungu walimnunua Alfani ili mweusi asishinde. Wengine walidai walimwona akinywa bia na Urbain, yeye ambaye hakunywa pombe maisha yake yote. Nyota alikuwa amemchukua Fatouma, wamehamia kwa Faustin kule mtaa wa Kabondo. Alfani alisimamisha mabati mawili mbele ya nyumba, akaweka kibao cha kutengeneza baiskeli. Mwezi wa kwanza hakupata baiskeli hata moja. Watu walivuka barabara ili wasimsalimu, naye akawa anawasalimu kwa sauti kubwa, kila mmoja kwa jina lake, kwa hasira.

Siku moja Faustin alikuja. Hakuketi.

"Nina swali moja tu. Kwa nini haukurudishia Urbain bomba yake?"

Alfani alimwambia kweli. "Nilianza. Nililegeza skrubu mbili."

"Kisha?"

"Kisha nikaona ni kuua."

"Kwa hiyo uliniua mimi!"

"Weye iko hapa unanifokea."

"Nilichagua, shemeji! Uliniambia, nikasikia, nikachagua. Nani alikupa ruhusa ya kukataa kwa mahali pangu? Patron anaamua juu yangu, klabu inaamua juu yangu, na weye pia?"

 Alfani alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa ngumi, kwa uongo wa bia. Neno hili hakuwa amelifikiria gerezani hata mara moja, na lilimkasirisha zaidi kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani.

"Ningerudia tena," alisema mwishowe. "Hata kesho."

"Najua," Faustin alijibu, akaondoka.

Wiki iliyofuata Nyota alirudi na masanduku yake na mtoto. Alianza kufagia kabla ya kusalimu. Alfani akamuuliza kama mdogo wake amemsamehe.

"Faustin? Anakutukana asubuhi na jioni, nimechoka kusikia." Aliendelea kufagia. "Lakini anakutukana kwa miguu mbili, anatembea. Hiyo ndiyo nimekuja kukuambia. Mimi pia nilikosa, ile siku ya shati. Usinifanye niseme mara mbili."

Hakusema mara mbili. Mwaka uliofuata klabu haikumwita mweusi yeyote. Kwa Dekoninck, Faustin hakukaa. Alipata lori la kubeba mizigo ya kwenda Bafwasende. Kila alipopita Mangobo aliteremsha mkungu wa ndizi kwa dada yake, akampiga Fatouma busu la kichwa, na kupita mbele ya mabati ya Alfani kana kwamba hapana mtu. Ilikuwa hivyo miezi minane.

Katika mwezi wa tisa wa kununa huko, lori lilipita likiwa limeinama. Alfani, aliyekuwa anaziba mpira wa baiskeli, alisimama barabarani akapaza sauti.

"Resori ya kushoto imevunjika!"

"Najua!" Faustin alifoka kutoka dirishani.

"Sasa unajua na unapakia hivyo?"

Lori liliondoka na vumbi lake. Alfani alitukana mpaka majirani wakatoka.

Kesho yake asubuhi lori lilisimama mbele ya mabati. Faustin aliteremka, akaegemea mlango, akakunja mikono na kutazama upande wa pili wa barabara. Alfani alichukua jeki na spana, akaingia chini. Walikuwa hapo mpaka saa sita, na hawakusemeshana, isipokuwa mara moja, Alfani aliponyoosha mkono kutoka chini na kusema, "Nyundo," na Faustin, bila kugeuka, akampa.