Kichwa Namba Tatu

Baba mkwe wa Mama Pacha aliondoa kitambaa cha meza ya kulia chakula, akakikunja, akakiweka juu ya televisheni, akaanza kutandika reli. Zilikuwa reli za mchezo, upana wake haufiki vidole viwili, na kila kipande kilipoingia kwenye kingine yeye mwenyewe alitoa sauti ya "taa!" kwa mdomo. Kabla ya kustaafu alikuwa mkuu wa stesheni, na watu wote walimwita Masta, hata mkewe. Miaka yote ya kazi alizipungia treni bendera. Kuendesha hakuwahi kuendesha hata moja. Sasa wanawe walikuwa wamemnunulia treni ya mezani, vichwa viwili, cha kijani na chekundu, na mabehewa yake. Ila hawakujua kwamba kitu cha kuiendeshea huuzwa peke yake.

Ndiyo maana asubuhi ile Fundi Redio alikuwa sebuleni na mfuko wa vifaa, ili Masta ajaribu na kuchagua.

Mama Pacha, mkwe wa nyumba ile, alikuwa jikoni anamenya viazi, kajifunga kitambaa kichwani. Chini ya kitambaa kulikuwa na siri ambayo haikuwa siri: upande wa kulia nywele zimesukwa mistari mizuri, upande wa kushoto zimesimama kama zilivyoumbwa. Msusi aliyekuwa na kibanda ng'ambo ya barabara aliuanza msuko ule tangu mwezi uliopita. Kila Mama Pacha alipokaa, sauti ilitoka nyumbani: Mama Pacha, chumvi iko wapi? Mama Pacha, kuna mtu getini. Naye huitika abee, huinuka, na mchana huishia hapo. Sasa Jumamosi mdogo wake wa mwisho, aliyemlea mgongoni, alikuwa anaolewa. Alikuwa amemwomba Mungu jambo moja tu wiki ile: asiende kumwoza mdogo wake na kichwa cha upande mmoja.

"Mzee, tuanze na hii ya kizamani," alisema Fundi Redio, akitoa kisanduku chenye kitasa kimoja. "Ukizungusha, umeme unaingia relini. Chochote kilichosimama juu ya reli kinaondoka."

Masta alizungusha. Vichwa vyote viwili viliondoka pamoja, kimoja kikamsukuma mwenzake mpaka chini ya meza.

"Hiki hakina adabu," alisema Masta. "Kwangu treni hazikuwahi kwenda kwa mkumbo. Rudisha mfukoni."

Fundi akavirudisha vichwa relini, akatoa cha pili, kifaa cha mkononi chenye tarakimu, waya mrefu, na kitufe chekundu pembeni. "Hiki ndicho cha kidijitali. Umeme umo relini muda wote, lakini kila kichwa kina namba yake. Unaita namba, mwenye namba anaitika, wengine wametulia. Bonyeza tatu."

Masta akabonyeza tatu, akafungua mwendo kidogo.

Vichwa vyote viwili vikaondoka. Na jikoni Mama Pacha akasema, "Abee," akaweka kisu chini, akainuka na beseni lake la viazi, akaingia sebuleni kwa mwendo uleule wa treni. Akaizunguka meza, akapita kati ya kochi na kabati, akarudi jikoni, akatokea tena.

"Anakwenda vizuri," alisema Bibi, mama mkwe wake, bila kuacha kushona kifungo. "Taratibu, kama mtu aliyelelewa."

Masta alijaribu swichi ya kurudi nyuma. Mama Pacha akarudi kinyumenyume na hakumwaga hata kiazi kimoja.

"Hapo hakuna ubovu, Mzee," alisema Fundi. "Vichwa vyote hutoka kiwandani na namba tatu. Tatu ndiyo namba ya kila asiyepewa namba. Mkweo naye hamjampa yake, kwa hiyo anaitika tatu." Akabonyeza kitufe chekundu. "Na hiki cha dharura kinasimamisha kila kitu."

Vichwa vikasimama. Mama Pacha, aliyekuwa amefika penye ngazi ya mlango wa nyuma, akakaa. Alikaa na beseni mapajani, jua likimpiga miguuni, na utulivu ukamwingia mpaka kwenye mifupa. Sebuleni waliendelea kuongea, na hakuna neno lililomhusu. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipokaa namna ile, akakuta ni alipokuwa na uchungu wa pacha, na hata hapo mtu alimwuliza ufunguo wa kabati.

Fundi akaviandikia vichwa namba mpya. Kuna kipande kifupi cha reli kwa kazi hiyo, kimekaa mbali na vingine. Akaweka cha kijani juu yake, akakipa saba. Akakiondoa, akaweka chekundu, akakipa tisa. Haikuchukua muda wa chai kupoa. Baada ya hapo ukiita saba, cha kijani kilikwenda na chekundu kilikaa kimya. Masta alipiga makofi kama mtoto.

"Na mimi?" aliuliza Mama Pacha kutoka mlangoni.

"Wewe nawe inawezekana," alisema Fundi. "Sharti ni moja. Anayeandikwa lazima awe peke yake. Akiwepo na mwingine, namba inawaingia wote na tunarudi kulekule."

Wakamtafutia mahali pa kuwa peke yake. Walianza na stoo, lakini hata Fundi hajafungua kifaa, Bibi aliingia kuuliza mfuniko wa sufuria uko wapi. Mfuniko alikuwa ameushika mwenyewe. Wakajaribu bafuni, pacha wake walikuwa wamekuja mapumziko ya saa nne kutoka shule na wote wawili walibanwa kwa wakati mmoja. Wakajaribu nyuma ya nyumba, penye kamba ya nguo, na Masta akaja kuuliza kama anawasumbua.

"Mama, nyumba hii haina mahali pa mtu mmoja," alisema Fundi Redio, kwa sauti ileile ambayo angesema nyumba haina soketi jikoni. Akafunga kifaa.

"Kwani tatu ina ubaya gani?" aliuliza Bibi. "Vichwa vimepewa zao, tatu imebaki bure. Tutamwitia hiyo. Koo langu hili limechakaa kwa kuita."

Hakusema kwa ubaya. Alimpenda mkwewe, na mezani alimwekea kipande kizuri, ingawa kwa kawaida kilipoa kabla hajaja kukila.

Cha tatu mfukoni hakikuwa na waya. Kilikuwa kisanduku cha kuunganisha relini, na kuendesha ni kwa simu. Tarakimu zilikuwa kwenye kioo, na mwendo unaufungua kwa kidole.

"Baba," alisema Mama Pacha, "mimi naona kile cha waya. Kwa mtu anayeanza, waya hauna mambo mengi. Na kina kile kitufe chekundu."

"Hata hiki kinacho," alisema Fundi. "Kiko chini ya matangazo. Unafunga tangazo la kwanza, unafunga la pili, unakikuta."

"Umesema vizuri, mkwe wangu," alisema Masta. Na kweli alitafakari. Alivua miwani, akaifuta. "Fundi, waya huo unafika wapi?"

"Mpaka mlangoni."

"Na hicho cha simu?"

"Popote penye mtandao, Mzee. Hata uwe ng'ambo, treni yako inakwenda."

"Chukua cha simu," alisema Bibi. "Waya haufiki hata dukani. Nikimtuma dukani nikakumbuka kitu kingine, nafanyaje?"

Ikawa cha simu. Wakanywa chai, na Mama Pacha ndiye aliyeileta, kwa mwendo wa wastani.

Ijumaa mchana alivuka barabara, akakaa kwenye kiti cha Msusi, akafungua kitambaa.

"Mwenzangu," alisema Msusi, "hiki kichwa ni cha mtu mmoja au cha majirani wawili?"

"Suka kabla hawajanikumbuka."

"Leo huinuki. Nitakukalia."

Msusi alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono myepesi, na hakuwa mtu wa maneno matupu. Lakini mstari wa pili ulikuwa haujafika kisogoni Mama Pacha aliposema, "Abee," akainuka, na Msusi aliyekuwa amemwegemea akainuka naye.

"Mwendo gani huo?"

"Bado wa chini. Pengine wanataka maji tu."

"Basi twende. Nimeshaushika mstari, siuachi."

Wakavuka barabara pamoja, mmoja mbele na mwingine nyuma na chanuo mdomoni. Dereva wa lori aliwapisha, akapiga honi moja ya heshima. Nyumbani Bibi alitaka maji kweli. Baada ya maji alitaka sindano, na Masta naye akataka dirisha lifungwe, treni zisipate vumbi. Msusi alifuata kila mahali. Alisuka jikoni, akasuka uani, akasuka kwenye korido mahali pembamba ambapo ilibidi apite kwa ubavu. Mwendo ulipoongezwa, vidole vyake viliongeza. Mama Pacha aliporudishwa kinyumenyume, yeye alirudi nyuma na kusuka kwa kwenda mbele, jambo ambalo alisema baadaye si gumu ukilizoea.

"Karibu, mwanangu," Bibi alimwambia kila alipopita. "Ukimaliza hicho, na mimi kichwa changu kipo."

"Chako wewe, Mama, nitasuka umekaa," alijibu Msusi akitokomea jikoni.

Jua lilipoanza kulegea alifunga mstari wa mwisho, akaupaka mafuta, akajipangusa jasho. Kichwa kilikuwa kizima. Mama Pacha alijiona kwenye kioo cha kabati kila alipozunguka, mara upande huu, mara upande ule, na kila mara alisema kimoyomoyo, ahsante Mungu. Alicheka mpaka machozi. Msusi naye alicheka, akaketi kwenye kochi, akalala palepale.

Harusi ilijaa. Mdogo mtu alimwona dada yake mlangoni, akamshika kichwa kwa mikono miwili kabla hata ya kumsalimu, akasema, "Dada, umekuja mzima mzima!" Wakakumbatiana, shela ikapinda, ikanyooshwa. Masta alikaa na wazee wenzake akiwaonyesha simu. Alibonyeza saba, na wote waliamini kwamba nyumbani, juu ya meza, kichwa cha kijani kilikuwa kinazunguka bila mtu.

Wakati wa picha ya familia, Mama Pacha aliwekwa mwisho wa safu upande wa kulia, na gauni lake la kijani. Mpiga picha aliwataka wavute pumzi watulie. Bibi, aliyekuwa nyuma ya Masta, alihisi kiu. Hakutaka kupaza sauti na kuharibu shughuli ya watu, kwa kuwa alikuwa mwanamke mstaarabu, kwa hiyo aliinama polepole juu ya bega la mumewe, akagusa tatu.

"Abee," alisema Mama Pacha, na taa ya kamera ikawaka.

Mpiga picha aliitazama picha yake kwa makini. Alisema nywele zile lazima zilisukwa mwendoni, kwa hiyo mwendo hauzidhuru, na kwamba hakuna haja ya kurudia.

Picha imetundikwa sebuleni. Bibi harusi ametoka vizuri, bwana harusi kafumba jicho moja. Mwisho wa safu, kulia, kuna ukungu wa kijani wenye kimo cha mtu, usio na uso wala mikono, na juu yake kichwa kilichosukwa chote, mstari kwa mstari, safi kabisa. Wageni huuliza ni nani yule. Bibi huwaambia ni mkwe wao, alikuwa anakwenda kuleta maji.

"Kapendeza," husema wageni.

Mama Pacha, akiwa na sinia la vikombe, hupunguza mwendo mbele ya picha kadiri anavyoweza, huitazama kwa kupita, na huona kwamba ni kweli, kapendeza. Kisha huingia jikoni.