Tanuri Lililoitwa Kichuguu

Greda lilikuwa limeshaegeshwa mbele ya kanisa, dereva anatafuna mahindi ya kuchoma. Clemens, mpima ardhi wa halmashauri, alikuwa ametandaza ramani juu ya boneti ya gari. Hellena aliisoma akiwa amesimama, mikono kiunoni.

Ramani ilionyesha vitu vya kale vya mji wa Isungwa ambavyo havitaguswa mitaa mipya itakapochongwa. Kanisa la wamisionari lilikuwemo. Handaki lililouzunguka mji enzi za vita lilikuwemo, ingawa siku hizi watu wanalima maharage ndani yake. Njia ya wachuuzi waliobeba majembe kushuka nayo Wampembe, ziwani, ilikuwemo. Lakini kando ya shamba la mama yake, mahali liliposimama ilungu, tanuri ambalo wazee waliyeyushia mawe wakapata chuma, ramani ilikuwa na barabara.

"Hapa umeruka kitu," Hellena alisema.

"Hapo pana kichuguu, Mama Sharon."

"Si kichuguu. Ni ilungu, na ndilo la mwisho lililobaki Isungwa."

Clemens alifungua faili. "Ramani ya mwaka arobaini na nane inasema kichuguu. Mwaka jana tulipita nyumba kwa nyumba, watu kumi na mmoja wakasema kichuguu. Mmoja wao ni Kalista, mwenye shamba. Si ndiye mama yako?"

Hellena aliitikia kwa kichwa. Ndiye.

"Greda linaanza saa nane. Niletee ushahidi kabla ya hapo, nitasogeza bikoni za barabara. Mimi sina ugomvi na matanuri. Ila siwezi kuandika kwamba Mama Sharon kasema."

Hellena alimkuta mama yake uani, anapepeta ulezi.

"Shikamoo mama. Kwa nini ulimwambia mpima ardhi kile ni kichuguu?"

"Marahaba. Kwa sababu ni kichuguu."

"Mama, babu alikuwa mfua chuma. Uliniambia mwenyewe nilipomzaa Sharon."

Kalista aliweka ungo chini. Alikuwa na miaka themanini na mitano na hakupenda kuharakishwa. "Nilikuwa na miaka saba. Bwana shauri wa wakoloni alivunja malungu mawili, akasema watu wanunue majembe ya dukani. Hili la baba tukalifunika udongo usiku kucha, tukapanda nyasi. Mji mzima ukaapishwa. Atakayeuliza, ajibiwe kichuguu."

"Bwana shauri amekufa. Waliowaapisha wamekufa. Leo linavunjwa kwa sababu ya neno hilohilo."

"Mimi sijafa. Na niliapa."

Hellena alitazama saa. Saa tano na nusu. Alikuwa na stashahada ya maendeleo ya jamii, alijua namna nne za kumshawishi mtu, na alijua pia kwamba hakuna hata moja iliyowahi kufanya kazi kwa mama yake.

"Basi usiseme. Mimi nachimba."

Jirani yao Minza, Msukuma aliyehamia na ng'ombe zake miaka kumi na miwili iliyopita, alimkuta ameshafyeka nyasi za upande wa mashariki.

"Mama Sharon, unatafuta kumbikumbi?"

"Natafuta tanuri."

"Tanuri! Miaka yote hii ng'ombe wangu wanajikuna hapa na hakuna aliyeniambia? Nyie Wafipa mnaficha hata udongo."

"Mimi mwenyewe niliambiwa nilipozaa."

"Na mimi nimezaa wanne hukuhuku!"

"Basi umechelewa kuambiwa. Shika sururu."

Walichimba mpaka saa saba na nusu wakapata mizizi na udongo mwekundu mgumu. Clemens alikuja, akachuchumaa, akaufikicha. "Udongo wa kichuguu."

"Ndio walioutumia kujengea. Unastahimili moto."

"Huenda. Lakini ninachokiona ni kichuguu, mama."

Kalista naye alikuwa amefika, ameegemea fimbo yake. Kule kanisani injini ya greda ikawaka. Hellena alitemea viganja mate, akainua sururu juu ya kichwa.

"We mtoto! Hapo unavunja ukuta!" Kalista alipaza sauti. "Nani kakwambia mlango uko mashariki? Zunguka huko kwenye machweo, shuka chini kiasi cha mkono mmoja. Na usipige kama unapasua kuni!"

Minza aligeuka polepole. "Bibi, kichuguu kina mlango?"

Kalista alijifunika mdomo kwa upande wa kitenge.

Hellena hakumpa nafasi ya kujuta. Alizunguka, akachimba palepale alipoelekezwa, na Minza akavuta udongo kwa jembe. Kiasi cha mkono mmoja chini, sururu ilizama kwenye upenyo. Wakausafisha kwa mikono. Ulikuwa mlango wa kuinamia, kingo zake zimeungua na kuwa ngumu kama tofali. Ndani mlikuwa na vipande vya mirija ya udongo ya kuingizia hewa, na jiwe jeusi lenye mapovu, zito mno kwa ukubwa wake.

"Mavi ya chuma, mabaki ya mawe yaliyoyeyushwa," Hellena alisema, akalikabidhi kwa Clemens.

"Chuma nacho kinakwenda haja?" Minza aliuliza.

Clemens hakucheka. Alimpungia dereva mkono asimame, akatoa kalamu. "Nimeamini. Lakini fomu inataka shahidi anayejua historia yake. Jina na sahihi."

Hellena alimgeukia mama yake. "Hilo siwezi kukusemea."

Kalista aliitazama ile nafasi nyeusi. Alisogea, akapitisha kiganja kwenye kingo zake.

"Walituapisha ili lisivunjwe," alisema, kama anayebishana na mtu asiyekuwepo. Kisha kwa Clemens: "Andika. Kalista, binti Zenon. Baba ndiye aliyeliwasha mara ya mwisho. Na andika kwamba mwaka jana nilikudanganya."

"Hilo si lazima, bibi."

"Andika."

Akaandika. Kalista alitia sahihi kwa herufi kubwa za darasa la pili, akauliza barabara itapita wapi sasa.

"Nikiisogeza, bibi, itakula matuta yako. Mistari sita ya mahindi."

"Kumi," alisema Kalista. "Usije ukalikwangua na hilo dude lako."

Clemens alianza kupima hatua kuingia shambani. Hellena alikuwa ameshapiga magoti kushoto kwa mlango. "Mama, tundu la kwanza la mirija ni hapa?"

"Juu kidogo," Kalista alisema, akaketi chini kumwelekeza.