Begi la Vitabu vya Kemia

Nilikuja chuoni Indiana kutoka Minot, kule Dakota Kaskazini, na hadi majani yanaanza kupukutika sikuwa na mtu wa kula naye. Ukitaka kujua upweke ni nini, simama na trei yako katikati ya ukumbi wa chakula uliojaa watu, ujifanye unatafuta chumvi. Mimi niliitafuta chumvi ile mpaka nikachoka.

Ndiyo maana Barrett Kessinger aliponialika kwenye chama chao cha udugu, cha wanafunzi wa kiume wanaoishi nyumba moja, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nikapata meza ya kula, nikapata nyimbo za kuimba, nikampata Barrett mwenyewe awe kaka yangu mlezi. Sisi wanagenzi, yaani wanachama wapya, tulifua soksi za wakubwa na kuitwa majina ambayo mama yangu angeyasikia angezimia. Sikujali. Angalau waliniita.

Ijumaa moja mchana, siku ya chupa ya ukoo, nilimkuta Barrett chumbani akipanga vitabu ndani ya begi. Jioni hiyo kila mwanagenzi angepewa na kaka yake chupa ya wiski aimalize peke yake, kama kaka naye alivyopewa na wake. Begi lilikuwa langu, na vitabu vilikuwa vyangu vya kemia.

"Kaka, leo kuna kusoma?"

"Kusoma wapi, dogo! Hili la kulalia. Ukishazima tunakufunga mgongoni, lisikuache ulale chali ukapaliwa na matapishi."

Alisema kwa upole, huku akinipimia mikanda isije ikanibana mabegani. Alinipenda, nasema kweli. Tangu nitoke kwetu hakuna aliyewahi kunipimia kitu.

"Kwa hiyo mnajua mtu anaweza kufa."

"Si ndiyo maana kuna begi? Acha uoga bwana, hata mimi nililivaa."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Chini, na wenzangu. Sherehe hiyo!"

"Basi achana na chupa, kaka. Tukae hapa, tule piza, tuangalie mpira."

Akacheka mpaka akakaa kitandani. "Huo sio udugu, dogo. Hiyo ni piza."

Nilijua nikitoka mlango ule narudi kutafuta chumvi. Lakini pale kitandani palikuwa na begi jingine, la Dewitt, mwanagenzi mwenzangu, mwembamba kama ufagio. Nikavaa langu mgongoni na kutoka, Barrett akiniita nyuma yangu, nikaenda moja kwa moja ofisi ya mlezi wa wanafunzi kueleza kila kitu.

Kabla ya giza kuingia chupa zilikuwa zimechukuliwa na sherehe zote zimepigwa marufuku. Jumatatu nilipishana na Dewitt kwenye ngazi. "Msaliti we," akaniambia, mzima wa afya.

Nikarudi kwenye trei yangu. Sijutii nilichofanya, ila sitadanganya: nilikuwa nalia bafuni huku nimefungulia maji, ili jirani asinisikie. Theluji ikaanguka, ikayeyuka, ikaanguka tena, na meza yangu ikabaki ya mtu mmoja.

Siku moja trei ikatua mbele yangu. Alikuwa Barrett, amekonda.

"Una chumvi?"

Nikamsogezea. Akaketi, akaanza kuzungusha njegere kwa uma bila kula.

"Siku yangu ya chupa, niliamka asubuhi na begi mgongoni," akasema, macho kwenye sahani. "Siwezi kujigeuza. Nikamwita kaka yangu mpaka sauti ikakauka. Hakukuwa na mtu nyumba nzima. Walikuwa wameenda kula."

"Hukuwahi kuniambia."

"Sijawahi kumwambia mtu."

Tukakaa hapo mpaka wahudumu wakaanza kufuta meza. Chumvi hakuigusa.